Land Rover kuukuu si mzigo ukijua pa kuanzia

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huenda walikuwa wakiwazia nyumba za udongo, lakini methali hii yafaa kubandikwa mbele ya usukani wa kila gari kuukuu humu nchini.

Mpenzi msomaji, iwapo nyumbani kwenu kuna Land Rover ya miaka ya sabini au themanini, bila shaka unaufahamu mjadala unaozuka kila mwisho wa mwezi. Baba anasema difu inalia na ni lazima ifunguliwe. Mama watoto anauliza kama karo ya muhula ujao itatoka humo kwenye difu. Mjomba naye, aliyekuja tu kunywa chai, anashauri gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu na fedha zigawanywe. Mwishowe hakuna linaloamuliwa, na Jumatatu gari linaondoka tena na ile kelele yake.

Katika maeneo mengi ya nchi hii mjadala kama huu si mchezo. Waulize wakazi wa Maralal na Baragoi katika Kaunti ya Samburu. Huko Land Rover ndiyo matatu, ndiyo lori la mahindi, na usiku wa manane ndiyo ambulensi. Inapokwama, si aibu ya mwenye gari pekee. Huenda nyuma mna mama mjamzito anayehesabu dakika, au maziwa ambayo yakikawia saa mbili zaidi hayatanunuliwa na mtu.

Isitoshe, kuipata nyingine si rahisi. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari jijini Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ile familia ya Land Rover za kazi, ambayo kuanzia 1990 iliitwa Defender, iliendelea kuundwa hadi Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilipotoa ya mwisho. Nayo sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo Land Rover za zamani tulizo nazo ndizo hizo hizo. Anayeiacha ioze hapati nyingine ya aina yake ila kwa kununua ya jirani.

Habari njema ni kwamba gari la aina hii haliangushwi na umri. Huangushwa na mambo madogo yaliyoahirishwa. Mwenye kipato kidogo anaweza kulitunza, mradi akubali jambo moja: fedha zake chache zipangiwe foleni. Mbele ya foleni husimama kinachoweza kuua. Nyuma yake husimama kinachoweza kukulaza njiani. Mwisho kabisa ndipo panapokaa kile kinachokuudhi tu. Wengi wetu huigeuza foleni hii. Tunapaka rangi na kununua vitambaa vipya vya viti ilhali breki zinapigwa mara tatu ndipo zishike.

Kinachoweza kuua

Anza na breki. Land Rover nyingi za Series zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na breki hizo hazijirekebishi zenyewe. Kadiri bitana zinavyolika ndivyo pedeli inavyozama. Ukiona pedeli inakwenda chini, kisha ukiipiga mara ya pili inapanda, mara nyingi tatizo si kubwa. Nyuma ya kila gurudumu kuna nati ya kurekebishia. Gari likiinuliwa, nati huzungushwa kwa spana mpaka gurudumu likwame, kisha hulegezwa kidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza. Kazi hii haihitaji spea yoyote.

Lakini pedeli ikizama polepole ukiwa umeikanyaga, au ukiona umajimaji ndani ya gurudumu, usiende popote. Magari mengi ya zamani yana mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Mpira mmoja wa silinda ukipasuka gurudumu la nyuma, magurudumu yote manne hukosa breki. Mipira ya silinda ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu sana katika gari zima. Ibadilishe pande zote mbili kwa pamoja, wala usiridhike na upande uliovuja pekee. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na unyevu huo hula silinda kwa ndani. Yamwage yote na kutia mapya kila baada ya miaka miwili. Kamwe usiongeze oili ya injini humo, hata kidogo, kwani huifanya mipira ivimbe na kuharibika.

Baada ya breki kuna usukani. Mwombe mwanao au jirani auzungushe kushoto na kulia huku gari limesimama, nawe uchuchumae mbele ukiangalia vile vifundo vinavyounganisha vyuma vya usukani. Kifundo kinachocheza kabla ya chuma kusogea kimekwisha. Kisha inua gurudumu moja kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zinahitaji kukazwa au kubadilishwa. Wala usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Weka vipande vinene vya mbao chini ya ekseli kwanza. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulindia uhai.

Mwisho katika foleni hii ni chesisi, na hapa wengi hudanganywa na bodi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, basi gari huweza kung'aa juu huku chesisi ya chuma chini inaoza, tena ikianzia ndani ambako macho hayafiki. Chukua nyundo ndogo, lala chini, ugongegonge polepole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilichooza hutoa sauti ya bati bovu, na pengine nyundo ikazama. Angalia hasa mahali springi zinapofungwa. Osha matope yaliyoganda huko chini baada ya kila safari ya mvua, na uzibue vile vitundu vya chini ya chesisi ili maji yatoke. Ukiishi pwani, chumvi haitakungoja.

Kinachokulaza njiani

Magari yanayoonekana kando ya barabara yakiwa yamefunguliwa boneti hayana siri nyingi. Aghalabu ni joto, umeme au petroli chafu.

Tuanze na joto. Jijini Nairobi, mahali palipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ukipanda zaidi huchemka mapema zaidi. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni shinikizo linaloshikwa na kile kifuniko chake. Kifuniko kilichochoka mpira huachilia shinikizo, maji yakachemka na kumwagika, na mwenye gari akaambiwa rejeta imekufa. Jaribu kifuniko kipya kabla ya kununua rejeta. Na usikifungue hata siku moja injini ikiwa moto, la sivyo uso wako ndio utakaolipa.

Kuna mazoea mabaya ya kung'oa themostati gari likichemka, kisha mwenye gari huambiwa sasa ametibiwa. Waama amebadilishiwa ugonjwa. Injini isiyopata joto lake hunywa petroli zaidi na kuchafua oili upesi. Ukitaka kujua kama themostati ni nzima, itie ndani ya sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, mimina maji, weka jikoni. Yapasa ifunguke kabla ya maji kutokota na ijifunge yakipoa. Isipofanya hivyo, nunua nyingine. Kipimo hiki hakikugharimu ila maji na makaa.

Maji ya kutia kwenye rejeta yawe safi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana chumvi na madini yanayoganda ndani ya rejeta kama yanavyoganda kwenye birika la chai. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati ni afadhali mara kumi. Changanya na dawa ya rejeta, kwa maana kazi yake si kuzuia barafu tu, bali pia kuzuia kutu ndani ya injini. Kagua mipira ya maji kwa kuiminya: uliolainika kama ndizi mbivu au uliopasukapasuka, ubadilishe kabla ya safari.

Pili ni umeme. Kabla ya kununua betri mpya au kufungua stata, angalia waya mnene unaounganisha injini na chesisi. Umeme hupita hapo ukirudi kwenye betri. Mahali unapofungwa pakishika kutu au kujaa matope, stata huzunguka kwa uchovu na taa hufifia. Fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena. Ule ungaunga mweupe kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji moto, kisha hupakwa mafuta mazito ya kujipaka. Kwa injini ya petroli ya Series ya lita 2.25, pengo la pointi liwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Pointi zikibadilishwa, weka zile za zamani zinazofanya kazi ndani ya mkebe. Siku moja zitakurudisha nyumbani.

Tatu ni petroli. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walaghai wamekuwa wakichanganya mafuta taa na petroli au dizeli, hata Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mnamo 2018 ili kuwavunja nguvu. Nunua mafuta mahali unapopajua. Pampu ya petroli ya magari mengi ya Series ina kikombe cha kioo ambamo maji na uchafu hutuama. Kiangalie kila wiki, ukisafishe, ukirudishe bila kuukata mpira wake.

Vumbi nalo ni adui wa kimyakimya. Land Rover nyingi za zamani husafisha hewa kwa bakuli lenye oili. Vumbi hunaswa humo kabla ya kufika kwenye injini. Uzuri wake ni kwamba hakuna chujio la kununua. Ubaya wake ni kwamba watu huisahau. Barabara za vumbi zinahitaji bakuli lifunguliwe kila wiki, lioshwe kwa mafuta taa, na kutiwa oili safi hadi kwenye alama. Oili ya injini yenyewe ibadilishwe kila kilomita 5,000. Kama vumbi na mizigo ndiyo kazi yake ya kila siku, basi 3,000. Usisahau oili ya giaboksi na ya difu zote mbili. Ukiivuta difu ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, jua kwamba maji yaliingia ulipovuka mto. Imwage siku hiyo hiyo, kwa sababu oili mpya ni nafuu kuliko gia mpya.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya hata wenye uzoefu. Tangu 2006 petroli yenye risasi haiuzwi tena nchini. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali za injini nyingi za zamani. Bila yake, vali huweza kuzama polepole kwenye viti vyake, na lile pengo la vali, ambalo katika injini ya lita 2.25 linatakiwa kuwa milimita 0.25, likazidi kupungua. Dalili yake ni injini kuwa kimya kuliko kawaida, na mwenye gari akafurahi. Usifurahi. Pengo likiisha, vali haifungi, na huungua. Pima kila unapobadilisha oili mara ya pili, na uandike kipimo. Kelele ndogo ya vali ni salama kuliko kimya cha namna hiyo.

Spea: pa kubana na pa kulegeza

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ina spea za kila aina, nzuri na bandia. Nenda na kile kilichoharibika mkononi. Kilinganishe na kipya kwa uzito, kwa kipimo na kwa ulaini wa kazi yake. Uliza bei katika maduka matatu. Ikiwa moja inauza beringi kwa robo ya bei ya wenzake, usidhani umebahatika. Rahisi ghali.

Pa kubana fedha ni hapa: vioo, milango, viti, ekzosi, sakafu, mabano na chochote cha kuchomelea. Fundi wa jua kali atakutengenezea kwa bei nafuu, na kikiharibika hakuna atakayeumia. Hata spea zilizotumika kama vile milango, bodi na rimu zisizo na nyufa zinafaa. Pa kutobana ni mipira ya breki, beringi, vifundo vya usukani, mkanda wa feni na mipira ya maji. Hivi nunua vipya, tena vya asili ukiweza. Ni vidogo, na kwa kawaida tofauti ya bei haifiki gharama ya siku moja ya kuvutwa na lori.

Kuhusu fundi, tafuta mmoja anayelifahamu gari hili na ukae naye. Anayebadilisha mafundi kila mwezi hulipia upimaji ule ule mara kumi. Mwombe akurudishie kila kipande alichokitoa. Simama karibu, uangalie, ujifunze. Kazi kama girisi, plagi, oili na kurekebisha breki hazihitaji diploma. Mama na vijana wa nyumbani wanaweza kuzifanya vizuri kama baba, na pengine vizuri zaidi, kwa sababu hawaoni haya kusoma kitabu cha maelekezo.

Mkebe na daftari

Sasa turudi kwenye ule mjadala wa mwisho wa mwezi. Chanzo chake ni kwamba gari hudai fedha kwa ghafla, na fedha za ghafla hutoka kwenye karo. Dawa ni gari lijilipie lenyewe kidogo kidogo. Tuseme Land Rover yako hufanya kazi siku 25 kwa mwezi. Ukitenga shilingi 200 kila siku inapotoka, utakuwa na 5,000 kila mwezi, na 60,000 kwa mwaka. Fedha hizo ziwe na mkebe wake, au laini yake ya simu, na mwenye kuzitunza asiwe yule anayeendesha. Siku difu itakapolia, jibu litakuwa mkebeni badala ya shuleni.

Pamoja na mkebe kuwe na daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa na bei yake. Kama kihesabu cha kilomita kimekufa, hesabu siku za kazi. Baada ya mwaka mmoja daftari litakuambia yale ambayo hakuna fundi atakayekuambia: kwamba mpira fulani hupasuka kila baada ya miezi minane, au kwamba stata imetengenezwa mara tatu na ingekuwa nafuu kununua nyingine. Iwapo mko wenye magari watatu au wanne kijijini, undeni chama. Nunueni oili kwa pipa na jeki moja nzuri ya pamoja.

Kila Jumamosi jioni tenga nusu saa. Angalia maji, oili, mafuta ya breki, upepo wa tairi pamoja na ile ya akiba, nati za magurudumu, mkanda wa feni na taa. Ndani ya gari kuwe na mkanda wa akiba, mpira mmoja wa maji, pointi, fyuzi, waya, spana, tochi, kipande cha mbao na maji lita kumi.

Je, kuna wakati wa kukata tamaa? Naam, upo. Chesisi ikiwa imeoza mahali pa springi na pa ekseli, hata kuchomelea hakupati chuma kizima cha kushikia, hapo gari limefika mwisho wake. Vivyo hivyo, daftari likionyesha kwa miaka miwili mfululizo kwamba matengenezo yanazidi kile gari linacholeta nyumbani, liuze kwa anayetaka spea, bila kinyongo. Lakini uamuzi huo ufanywe na daftari mezani, mbele ya familia nzima, wala usifanywe kwa hasira siku ambayo gari limekataa kuwaka kwa sababu ya waya mmoja wenye kutu.

Basi leo, baada ya chakula cha mchana, toka nje ukiwa na nyundo ndogo, msasa na daftari jipya. Anza na breki. Rangi itangoja.